Je, wajua? Ndege moja ya kivita ikianguka, hasara yake ina bei zaidi ya moja

Nenda Mikindani, hapa Mtwara, maji yakiwa yamekupwa, utamkuta fundi kapiga magoti ubavuni mwa mashua, anasindika pamba kwenye nyufa za mbao. Muulize mwenye chombo: kikizama leo, umepoteza shilingi ngapi? Naye atakuuliza: ile niliyotoa nikikiunda, au thamani yake sasa kilivyochakaa, au nitakayotoa kesho nikiunda kingine?

Wahasibu wa serikali huumizwa kichwa na swali hilohilo ndege ya jeshi inapoanguka.

Chukua ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu, B-2. Tarehe 23 Februari 2008 moja ilianguka ikiruka kutoka kisiwa cha Guam. Unyevu ulikuwa umeingia kwenye vipimo vya hewa, kompyuta zikasoma mwendo usio wa kweli, ndege ikainua pua kupita kiasi. Marubani wote wawili walijirusha wakapona. Hasara ikatajwa: dola bilioni 1.4.

Kumbe kwa hesabu za mwaka 1997, kuiunda ndege yenyewe kulikuwa wastani wa dola milioni 737. Ukitia vipuri, vifaa na programu zake, milioni 929. Ukitia na utafiti na majaribio, zaidi ya bilioni 2.1. Ndege ni ileile.

Bei hiyo ya mwisho imepandishwa na mgawanyo. Zilipangwa ndege 132, zikaundwa 21 tu. Ni kama tajiri aliyemleta fundi kutoka mbali, akajenga banda, akachongesha na kalibu, akitarajia mashua kumi, zikatoka mbili. Kila moja inabebeshwa nusu ya banda. Sasa moja ikizama, banda nalo limezama? Ndiyo maana mimi bilioni 2.1 siikubali kuwa ndiyo hasara ya Guam. Utafiti ulishalipiwa zamani, na faida yake ilibaki kwenye ndege nyingine 20 zilizokuwapo siku ile.

Ila milioni 737 nayo inadanganya. Uundaji wa B-2 ulikuwa umekwisha siku nyingi, kwa hiyo hapakuwa na duka la kwenda kununua nyingine, hata kwa bei hiyo mara mbili.

Daftari la serikali lina kawaida yake: huandika bei ya kununulia, kisha kila mwaka hukata uchakavu. Ndege kuukuu yaweza kukaribia sifuri vitabuni huku kila asubuhi inaruka. Ikianguka, daftari halishtuki. Na miaka ya kumfundisha rubani haimo humo kabisa; inakaa fungu jingine.

Huku Kusini mambo ya vitabu kusema hivi na macho kuona vile si mageni. Mwaka 1951 Uingereza ilifuta vitabuni, kama hasara, pauni milioni 36.5 za mradi wake wa kulima karanga Tanganyika, uliofika hadi Nachingwea. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Msimu wa korosho ukifika, pita gatini uone meli zinavyopakia.