"Furaha Nitaikuta Mbinguni": Dhana Potofu Kuhusu Muumini na Kutenda Haki

Hivi karibuni mshirika mmoja aliketi mbele yangu akanisimulia jinsi alivyorudisha fedha alizokuwa amelipwa zaidi kwa makosa ya hesabu, ambazo mwenye fedha hizo hakuwa hata na habari kwamba zimempotea. Alipomaliza alishusha pumzi akasema, "Basi, mchungaji, nimeubeba msalaba wangu, furaha nitaikuta mbinguni." Nilimpongeza kwa alichokitenda, lakini nilijizuia kwa shida nisimkemee kwa alichokisema, maana kauli hiyo nimeisikia katika ushauri wa kichungaji mara nyingi mno, tena mara nyingi kutoka kwa waumini wazuri, ambao wangestahili kufundishwa vizuri zaidi.

Dhana: Kutenda haki ni hasara ya sasa, na furaha ni malipo ya baadaye

Wanaoshika dhana hii huishi na Mungu kama mfanyabiashara aishivyo na mdeni wake: kila tendo la haki huandikwa daftarini, na siku ya mwisho litalipwa kwa furaha. Lakini Mithali 21:15 haisemi kwamba haki italeta furaha siku moja. Inasema kwamba kwa mwenye haki kule kutenda kwenyewe ni furaha.

Sehemu ya tatizo, nadhani, imo katika masikio yetu. Biblia ya Union inasema "kutenda hukumu", na msomaji wa leo akisikia neno hukumu anamwona hakimu na mshtakiwa, kisha anafunua ukurasa akiamini kwamba mstari haumhusu. Neno la Kiebrania lililo chini ya tafsiri hiyo, mishpat, kweli hutumika kwa uamuzi wa mwamuzi, lakini hubeba pia maana ya kuyaweka mambo mahali pake na kumpa kila mtu kilicho chake. Neno haki nalo tumelizoea upande mmoja tu: haki hudaiwa, haki hunyimwa, haki hupiganiwa. Ni mara chache tunaizungumzia kama kitu cha mwingine kilichomo mikononi mwetu. Mtu aliyelelewa na msamiati huo, ukimwambia atende haki, husikia kwamba anatakiwa kupoteza kitu, na ndiyo maana huja kwangu akiwa na uso wa mfiwa.

Luka ameweka matajiri wawili karibu sana, na sijui kwa nini tunawahubiri kana kwamba hawajuani. Katika sura ya 18 yumo mtawala aliyezishika amri tangu ujana wake. Alipoambiwa auze alivyo navyo na kuwagawia maskini, alihuzunika sana, kwa kuwa alikuwa na mali nyingi. Katika sura ya 19 yumo Zakayo, aliyemkaribisha Yesu kwa furaha, kisha akasimama na kutangaza kwamba nusu ya mali yake atawapa maskini, na kila aliyemnyang'anya kwa hila atamrudishia mara nne. Torati, katika Hesabu 5:7, ilimtaka mtu aliyeungama arudishe kile alichochukua na kuongeza sehemu ya tano tu. Malipo ya mara nne yaliwekwa kwa mwizi aliyeiba kondoo na kumchinja au kumwuza, katika Kutoka 22:1. Zakayo alijitoza kiwango cha mwizi wa kondoo bila kushurutishwa na mtu. Angalieni pia mpangilio: furaha inatajwa katika mstari wa 6, na malipo katika mstari wa 8. Luka hasemi Zakayo alijisikiaje alipokuwa akihesabu fedha za kurudisha, nami sitamsemea. Lakini ni wazi kwamba furaha haikungoja hesabu zifungwe, na kwamba kati ya wawili hao aliyeondoka na mali yake yote ndiye aliyeondoka na huzuni.

Nusu ya pili ya mstari ule wa Mithali huwa haisomwi, ingawa ndiyo yenye makali: kutenda hukumu huko huko, ambako kwa mwenye haki ni furaha, kwa watenda maovu ni maangamizi. Tendo ni moja, na kinachotofautiana ni moyo unaolitazama. Kwa hiyo jinsi unavyojisikia mbele ya haki ni kipimo cha unachokipenda. Ikiwa kulipa ujira wa mtu kwa wakati kunakuuma kama kung'olewa jino, usiharakishe kuyaita maumivu hayo msalaba, maana yaelekea ni mapenzi ya fedha, na dawa yake ni toba kabla ya kuwa uvumilivu.

Hapo ndipo ninapojibiwa kwa Waebrania 12:2, kwamba Bwana mwenyewe aliustahimili msalaba kwa ajili ya furaha iliyowekwa mbele yake. Ni kweli, wala sikatai kwamba haki ina gharama. Wako watu waliopoteza kazi, marafiki na hata ndugu kwa kukataa kutia sahihi uongo, na kuwaambia watabasamu ni ukatili. Lakini tumaini la furaha ijayo halifuti furaha ya sasa. Mitume katika Matendo 5:41 walitoka barazani wakiwa wamekwisha kupigwa, nao walitoka wakifurahi siku ile ile. Paulo naye, katika Warumi 14:17, anauelezea ufalme wa Mungu kuwa ni haki na amani na furaha katika Roho Mtakatifu, vitatu kwa pamoja, bila kuahirisha cha tatu.

Nina ushauri wangu mmoja, na wanaonifahamu wameusikia hadi wamechoka: tenda haki uso kwa uso. Nilimwuliza yule mshirika kama alimwona mtu aliyemrudishia fedha alipozipokea. Hakumwona, alizituma kupitia mtu mwingine ili kuepuka aibu. Ninamwelewa, na zipo hali ambazo usalama hauruhusu njia nyingine, lakini mtu anayerejesha kwa mbali hubaki na upungufu tu, kwa kuwa kilichotoka mfukoni amekiona na kilichorudi kwa mwenzake hakukiona. Furaha ya haki sehemu yake kubwa imo katika kumtazama mtu akipata tena kilicho chake. Ndugu mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu, Luka 15, alitenda yote yaliyo sawa kwa miaka mingi, akaitaja miaka hiyo mbele ya baba yake, na furaha ilipoanza ndani ya nyumba alikataa kuingia kwa sababu ya mdogo wake. Macho yake yalikuwa juu ya daftari.

Dhana: Anayetoa zaka kwa uaminifu amekwisha kutenda haki

Hapana. Yesu, katika Mathayo 23:23, aliwakuta watu waliolipa zaka hata za mnanaa, bizari na jira, akawaambia wameyaacha mambo makuu ya sheria, yaani adili, rehema na imani, na kwamba iliwapasa kuyafanya hayo bila kuyaacha yale mengine. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa kwa hila hupiga kelele, na vilio vya waliovuna huyafikia masikio ya Bwana wa majeshi. Ukimtolea Mungu fungu la kumi la fedha ambazo ndani yake umo ujira wa mwenzako, usishangae kwamba ibada yako imekauka.

Dhana: Kwa kuwa tumehesabiwa haki kwa imani, kutenda haki si jambo la msingi

Hii huletwa kwangu na watu waliosoma kidogo, nao huyataja Matengenezo ya Kanisa ya karne ya kumi na sita kama ngao. Waefeso 2:8-9, inayosema tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, haiwezi kusomwa bila mstari wa 10, unaosema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Naye Martin Luther, kiongozi wa Matengenezo hayo, ambaye jina lake hutumiwa vibaya katika hoja hii, aliandika mwaka 1520 kwamba matendo mema hayamfanyi mtu kuwa mwema, bali mtu mwema hutenda matendo mema, na kwamba katika imani hutiririka upendo na furaha, na katika upendo huo moyo mkunjufu unaomtumikia jirani bila kutazamia malipo. Asiyehitaji kuununua wokovu kwa haki yake ndiye hasa aliye huru kuitenda kwa furaha.

Dhana: Furaha ya haki ni kumwona aliyenidhulumu akiaibika

Mithali 24:17 inakataza kufurahi adui yako aangukapo, na 1 Wakorintho 13:6 inasema upendo hufurahi pamoja na kweli. Unaruhusiwa kushukuru kwamba uonevu umekoma. Ukijikuta unarudia kila siku simulizi ya anguko la mtu yule, tena ukiongeza mapambo kila unapoirudia, umekwisha kuihama furaha ya haki na kuingia katika kisasi.

Dhana: Kama sisikii furaha, heri ningoje hadi moyo uwe tayari

Wanaosema hivi wakati mwingine wamenisikiliza mimi na kunielewa nusu, kwa hiyo niseme wazi. Furaha si sharti la haki. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaagiza kibarua apewe ujira wake siku ile ile, jua lisichwe kabla hajapewa, kwa sababu ni maskini na moyo wake umeutumainia. Mstari hauulizi mwajiri anajisikiaje. Lipa leo ukiwa umenuna, kisha njoo tuzungumze kuhusu kununa kwako.