Utafiti si Kuthibitisha Unachokijua: Dhana Potofu na Ukweli

Anayehudhuria siku za wanafunzi wa Goma kutetea kazi zao za mwisho wa masomo atasikia sentensi moja ikirudiwa karibu kila ukumbi: nadharia tete ya mwanafunzi, yaani jibu alilolikisia kabla ya kuchunguza, imethibitishwa. Mada inaweza kuwa bei ya mahindi, sheria ya ardhi au maji ya Ziwa Kivu, lakini jibu la mwisho huwa lilelile lililotarajiwa mwanzoni. Hapo ndipo ilipo dhana potofu inayozaa nyingine nyingi, kwamba kazi ya mtafiti ni kukusanya ushahidi wa jambo alilokwisha kuliamini. Ukweli ni kwamba swali lisiloweza kumletea muulizaji jibu la kumkatalia bado halijawa swali la utafiti, na kanuni hiyo inamfunga mwanahisabati sawasawa na inavyomfunga mchunguzi wa sera za biashara.

Mfano wa kwanza unauma kidogo, kwa sababu unagusa fahari yetu. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, pale Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, mfupa mdogo wenye chale zilizopangwa katika safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na leo umehifadhiwa Brussels. Wengi husema, na mimi mwenyewe nilisema darasani kwa miaka, kwamba mfupa huo unathibitisha kuwa wahenga wa Kivu walizijua namba tasa, yaani namba zinazozidi 1 na zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ni kweli kwamba safu moja ina chale 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Lakini safu ya jirani ina 11, 21, 19 na 9, na 21 na 9 zote zinagawanyika kwa 3. Kumjua aliyechanja kuwa alizifahamu namba tasa kunahitaji dalili kwamba alizitenganisha na nyingine kwa kugawanya, na mfupa hauna dalili hiyo. Safu hizo mbili kila moja ina jumla ya chale 60, na wataalamu bado wanabishana kama ni hesabu, kalenda ya mwezi au jambo jingine kabisa. Tangu nilipolielewa hilo, nawaonyesha wanafunzi safu zote tatu, si ile moja inayotupendeza.

Wapo pia wanaoona kwamba namba tasa zenyewe ni mchezo wa wasomi usio na faida kwa mtu yeyote. Hata G. H. Hardy, bingwa wa nadharia ya namba nchini Uingereza, aliandika mwaka 1940 kwamba hakuna aliyekwisha kuigundulia taaluma hiyo matumizi ya vita, na alifurahia iwe hivyo. Mwaka 1977, Rivest, Shamir na Adleman walibuni nchini Marekani njia ya kuficha ujumbe inayotegemea namba hizohizo. Kuzidisha 53 kwa 61 ni kazi ya dakika moja, ila atakayepewa 3,233 peke yake na kuambiwa azitafute namba mbili zilizoizaa atahangaika, na tarakimu zikifika mamia, hata kompyuta zenye nguvu hushindwa. Tena ugumu huo haujathibitishwa na mtu yeyote hadi leo. Unategemewa tu kwa kuwa kila aliyejulikana kujaribu ameshindwa.

Kuhusu biashara, hapa mpakani tumezoea kusema kwamba sera haihitaji utafiti, kwa kuwa matokeo yake yanaonekana kwa macho. Mama anayevuka Petite Barrière, kivuko cha mpakani kati ya Goma na Rwanda, na mzigo wa mboga anajua ushuru umepanda au umeshuka, na ujuzi wake ni wa kuheshimiwa. Asichoweza kukiona, wala yeyote kati yetu, ni hali ambayo ingekuwapo kama sera isingebadilishwa. Julai 2010, Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaeleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu yanayotumia yanatoka Kongo au nchi jirani. Septemba mwaka huohuo, serikali ya Kinshasa ikasimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Nia ilikuwa kuwanyima fedha wenye silaha waliokuwa wakitoza kodi migodini. Wachumi waliolinganisha maeneo yenye madini hayo na yasiyo nayo, kabla na baada ya hatua hizo, walikuta kwamba uporaji na mashambulizi dhidi ya raia yaliongezeka katika maeneo yaliyoguswa. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba mwenye silaha aliyekosa kodi ya mgodi aliwageukia wanakijiji, au alihamia kwenye dhahabu, ambayo ni rahisi kuificha. Matokeo hayo hayasemi kwamba kodi ya mgodini ilikuwa halali. Yanasema kwamba kuziba njia moja ya mapato bila kuzijua nyingine kulimwumiza yuleyule aliyekusudiwa kulindwa, jambo ambalo lisingeonekana kwa kusimama katika mgodi mmoja.

Imebaki dhana potofu ya kwamba utafiti ni wa wageni, nasi ni wa kujaza karatasi za maswali. Kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, wagonjwa 681 wa Ebola katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina walipangiwa, kwa kura, dawa moja kati ya nne, katika jaribio lililoongozwa kwa ushirikiano na INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa, ya Profesa Jean-Jacques Muyembe. Dawa ya ZMapp ndiyo iliyowekwa kuwa kipimo cha nyingine, lakini karibu nusu ya walioipata walifariki, ilhali kwa dawa mbili nyingine ilikuwa takriban theluthi moja. Jaribio likasimamishwa mapema ili wagonjwa wapewe hizo mbili. Mojawapo, iitwayo mAb114, ilitokana na kingamwili za mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit mwaka 1995, ambaye alitoa damu yake miaka 11 baada ya kuugua.