Kamba, kitambaa cha macho na neno "nyekundu"

BDSM ni jina la jumla la michezo ya chumbani ya watu wazima: kufungana kamba, kuzibana macho kwa kitambaa, kuchapana makofi makalioni, mmoja kuamrisha na mwenzake kutii. Ikitajwa barazani, wapo wanaocheka na wapo wanaoguna.

Dhana inayoniudhi kuliko zote ni kwamba hiki ni kipigo kilichopewa jina la kizungu. Kwetu, ambako bado utamsikia mtu akisema mume asiyempiga mkewe hampendi, kuchanganya mambo haya mawili ni hatari. Kipigo cha nyumbani hakiulizi. Katika BDSM maswali hutangulia, watu wakiwa na nguo zao mwilini na pengine kikombe cha chai mkononi: unataka nini, hutaki nini kabisa, una pumu, bega lako limewahi kuteguka? Kisha huchaguliwa neno la kusimamisha. Wengi huazima rangi za taa za barabarani: kijani endelea, njano punguza, nyekundu acha. "Hapana" huweza kuwa sehemu ya igizo, ndiyo maana hutafutwa neno lisilo na utani. Aliyezibwa mdomo hushikishwa funguo. Zikidondoka, mchezo umekwisha. Sasa niambie, mwenye amri hapo ni nani?

Eti ni wagonjwa wa akili? Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, haliwahesabu hivyo watu wazima walioridhiana. Humo bado umo ugonjwa wa anayesisimkwa na kumuumiza asiyeridhia.

Wengine huteleza upande wa pili: tumekubaliana, basi hakuna madhara. Yapo. Kamba ikibana mkono wa juu huweza kuumiza neva. Vidole vikifa ganzi au kiganja kikilegea, fungua papo hapo. Mkasi wa ncha butu, ule wa kukatia bandeji, uwe karibu, na aliyefungwa haachwi peke yake hata dakika moja. Kukabana koo hakuna namna iliyo salama. Na Uingereza, tangu kesi ya R v Brown ya 1993, ya wanaume walioumizana kwa hiari katika michezo kama hii, ridhaa haimwokoi mahakamani aliyemjeruhi mwenzake.

Baada ya mchezo hakuna kugeukia ukutani. Kuna maji ya kunywa, shuka, kukumbatiana. Wapo wanaonyong'onyea hata siku mbili baadaye, kwa hiyo ujumbe wa "umeamkaje leo?" nao umo katika makubaliano.