Hapana, Mto Mkubwa Haumezi Sumu ya Mgodi

Kila unapozuka mjadala kuhusu mgodi ulio karibu na mto, hakosekani mtu wa kututoa hofu kwa kusema kwamba mto ni mkubwa, na kwa hiyo chochote kitakachovuja kitazimuliwa kabla ya kufika mbali. Nimeyasikia maneno hayo kwa wahandisi, kwa wanasiasa na hata kwa watu wanaoijua kemia vizuri kuliko mimi. Wiki hii nimeyakuta tena katika ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, yakisindikizwa na ramani yenye duara la kilomita tano kuuzunguka mgodi, kana kwamba maji hutiririka kwa kufuata bikari. Bwawa la topesumu (tope la mabaki ya uchenjuaji wa madini) la Fundão nchini Brazil lilipopasuka tarehe 5 Novemba 2015, tope liliteremka na Mto Doce kwa zaidi ya kilomita 600 hadi likaingia Bahari ya Atlantiki. Eneo linaloathirika huchorwa na bonde la mto, na duara hilo lifutwe.

Lakini tuache mabwawa yanayopasuka, maana hayo yana wapiga picha wake. Ninachotaka kukizungumzia ni uvujaji wa kila siku, ule ambao hesabu ya kuzimua huufanya uonekane si kitu.

Tuseme mgodi unatoa lita 10 za maji kwa sekunde, na kila lita ina miligramu 20 za zinki. Maji hayo yakiingia katika mto unaopitisha lita 20,000 kwa sekunde, ukolezi, yaani kiasi cha zinki katika kila lita, unashuka hadi miligramu 0.01 kwa lita, nambari ambayo ukiiweka kwenye jedwali inapendeza sana. Zinki yenyewe, hata hivyo, haijapungua hata chembe. Ni miligramu 200 kila sekunde, yaani kilo 17 na ushei kwa siku, zaidi ya tani 6 kwa mwaka, na zote zimeelekea kwa watu wanaoishi upande wa chini. Ukolezi unaeleza hali ya maji uliyoyachota. Mzigo, yaani ukolezi ukizidishwa kwa kiasi cha maji yanayopita, ndio unaoeleza kinachomfikia jirani. Ripoti nyingi zimesheheni ukolezi, na mzigo utautafuta hadi kiambatisho cha mwisho usiuone.

Mzigo huo nao hauendi wote baharini. Pairaiti, yaani madini ya chuma na salfa, iliyofukuliwa ikikutana na hewa na maji, na bakteria wakaichochea, hutoa tindikali inayoyeyusha metali kutoka kwenye mwamba. Maji hayo yakichanganyika na maji ya mto, pH hupanda, yaani tindikali hupungua, na chuma hujitenga na kuwa utelezi wa rangi ya chungwa unaonasa aseniki, risasi na shaba, kisha hutulia chini pamoja na mashapo. (Ndiyo sababu rangi ya chungwa si lazima iwe dalili mbaya kuliko zote. Maji yenye tindikali kali yanaweza kuwa maangavu kabisa huku yamejaa metali zilizoyeyuka, na niliwahi kuonyeshwa kijito cha namna hiyo kwa fahari kubwa kama ushahidi wa usafi.) Zinki na manganizi ni wakaidi zaidi na huweza kubaki zimeyeyuka hata pH ikifika 7, kwa hiyo kusema kwamba pH imerudi kawaida hakumalizi mazungumzo.

Sasa tazama jinsi tunavyopima. Mtaalamu hufika mtoni mara moja kwa mwezi, siku ya jua, barabara ikiwa inapitika. Huchota maji, huyapitisha kwenye chujio lenye matundu ya mikromita 0.45, hutia asidi ya nitriki, hufunga chupa na kuipeleka maabara. Tope lililonaswa na chujio huishia kwenye ndoo ya taka. Sina ugomvi na utaratibu huo iwapo swali ni kuhusu mashavu ya samaki, kwa sababu metali iliyoyeyuka ndiyo inayoyadhuru kwanza. Ugomvi wangu ni pale matokeo hayo yanapotumiwa kujibu swali jingine kabisa, la kiasi gani cha metali kinahama kutoka eneo la mgodi kwenda maeneo mengine. Sehemu kubwa ya mzigo huo husafiri ikiwa imeshikamana na chembe za tope, katika siku chache za mafuriko, maji yakiwa ya kahawia na mto umefurika kingo, siku ambazo hakuna anayethubutu kusogea na chupa yake. Tunachunguza kwa bidii siku ambazo mto umelala, kisha tunaandika kwamba mto umetulia.

Mfano ninaoutumia mara nyingi ni wa Mto Clark Fork katika jimbo la Montana, Marekani. Mafuriko ya mwaka 1908 yalisomba mabaki ya uchenjuaji wa shaba kutoka miji ya Butte na Anaconda na kuyabwaga katika bwawa jipya la Milltown, takriban kilomita 190 kutoka Butte. Mto ukaendelea na shughuli zake, na tope likakaa. Mwaka 1981 aseniki ikagunduliwa katika visima vya maji ya kunywa vya Milltown. Iliingiaje huko? Tope lililozikwa chini ya maji hukosa oksijeni, na bakteria wanaoishi humo huanza kukitumia chuma badala yake. Chuma kikiyeyuka, aseniki iliyokuwa imeshikiliwa nacho huachiwa huru na kuingia katika maji ya ardhini. Kile kile kilichousafisha mto ndicho kilichokuja kuvichafua visima, zaidi ya miaka 70 baadaye, kwa watu ambao hawakuwahi kuishi karibu na mgodi wenyewe.

Zebaki nitaipitia haraka. Ikifika katika matope ya ardhioevu, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, na mnyororo wa chakula huikusanya hatua kwa hatua, kutoka viumbe vidogo sana vya majini hadi samaki mkubwa, kwa hiyo kuzimua kote kulikofanywa na mto hutanguliwa. Katika Ghuba ya San Francisco, watu bado wanaonywa kuhusu samaki wenye zebaki, na sehemu ya zebaki hiyo inatokana na dhahabu iliyochimbwa katika milima ya Sierra Nevada katika karne ya 19. Sianidi, ambayo wote huiogopa, inaua haraka na huvunjika, hasa kwenye jua. Ilipomwagika Baia Mare, Romania, Januari 2000, iliangamiza samaki wengi sana katika Mto Tisza, lakini ni metali zinazobaki nyuma ambazo hunikosesha usingizi.

Yapo pia mambo ambayo fani yangu huyasema kwa sauti ya chini. Mwamba wa mgodi hupimwa maabara kwa kusagwa na kusuuzwa kila wiki kwa majuma 20 au zaidi, ilhali mwamba wenye kaboneti unaweza kuizuia tindikali kwa miaka mingi kabla haujazidiwa. Ninatia saini utabiri wa miongo kwa kutegemea miezi, na ninajua ninachokifanya. Hali ya awali, ya kabla ya mgodi, nayo mara nyingi haijulikani. Mto wa Rio Tinto nchini Hispania umechimbwa kandokando kwa takriban miaka 5,000, lakini mashapo yake ya kale yanaonyesha kwamba ulikuwa na tindikali kabla ya mchimbaji yeyote, na kugawanya lawama kati ya asili na binadamu hapo ni kazi ambayo mimi nisingeipokea.

Gumu kuliko yote ni kuamua kama tope liachwe lilipo au lichimbwe. Kulichimba kunaamsha kilicholala, na kuliacha ni kungojea mafuriko yajayo. Milltown waliamua kuchimba: bwawa lilibomolewa mwaka 2008, na tope lililochafuka zaidi likapakiwa kwenye treni na kurudishwa karibu na Anaconda, katika eneo la Opportunity, ambako wakazi waliuliza kwa nini wao ndio wapokee.