Kupandikiza ngozi baada ya kuungua: maswali ya wagonjwa na ndugu zao

Sufuria ya uji ikimwagika, chupa ya chai ikipinduka, kibatari kikilipuka, maisha ya nyumba nzima hubadilika kwa sekunde chache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa majeraha ya moto huua watu wapatao 180,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu. Wanaopona ni wengi zaidi, na hao pamoja na ndugu zao ndio wenye maswali yanayofuata.

Kwa nini jeraha moja la moto hupona lenyewe na jingine linahitaji upasuaji?

Kinachoamua ni kina. Ngozi ina tabaka la juu, jembamba, linaloitwa epidemisi, na chini yake demisi, tabaka nene lenye mishipa ya damu, neva, mashina ya malaika na tezi za jasho. Epidemisi hujijenga upya maisha yetu yote kwa sababu sakafuni mwake kuna seli shina zinazogawanyika bila kukoma. Seli za aina hiyo zimejificha pia ndani kabisa ya demisi, zikizunguka mashina ya malaika na tezi za jasho. Moto ukiishia juu, visiwa hivyo vya seli hubaki hai, hutambaa na kukutana, na ndani ya wiki mbili au tatu kidonda kimefunga.

Moto ukimaliza demisi yote, visiwa hivyo navyo vimekwenda. Ngozi mpya inaweza kutokea pembeni tu, tena polepole mno, huku mwili ukijaribu kukifunga kidonda kwa kukivuta na kukijaza kovu. Ndiyo maana madaktari wakiona kidonda hakitafunga ndani ya wiki tatu hivi, huanza kuzungumzia kupandikiza ngozi.

Kuna jambo moja linalowapoteza wengi. Jeraha la kina sana mara nyingi haliumi palipoungua zaidi, kwa sababu neva zenyewe zimekufa. Ngozi inakuwa nyeupe, au ya kahawia, au ngumu kama ya kiatu. Mtoto ametulia, na nyumbani wanashukuru kwamba jeraha ni dogo. Hilo ndilo la kukimbiza hospitali.

Mtu akiungua sasa hivi, tufanye nini?

Maji ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika 20. Yanasaidia hata kama saa mbili au tatu zimepita. Yasiwe barafu. Vua nguo, bangili na pete kabla ya uvimbe, ila kilichogandamana na ngozi usikibandue. Sehemu nyingine ya mwili ifunikwe, hasa kwa mtoto mdogo, asipate baridi. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi na uondoke kwenda hospitali.

Dawa ya meno, ute wa yai, unga, mafuta ya kupikia na manyoya ya sungura havina nafasi hapa. Najua vinapakwa kwa upendo, na mara nyingi anayepaka ni bibi ambaye naye alipakwa hivyo. Lakini yai bichi na manyoya huingiza vijidudu kwenye kidonda kisicho na ulinzi, mafuta huzuia joto kutoka, na vyote hufunika jeraha hata daktari ashindwe kuona kina chake mpaka akisugue. Kusuguliwa huko kunamuumiza mgonjwa bila sababu yoyote.

Daktari anataka kuchukua ngozi ya paja. Si atamwongezea kidonda kingine?

Ndiyo, atakuwa na kidonda kingine. Ila ni cha aina ile inayopona yenyewe. Kisu kinachotumika huparua utandu wa ngozi wenye unene wa kati ya milimita 0.2 na 0.4 hivi, na kuacha sehemu ya demisi pamoja na mashina ya malaika mahali pake. Kwa kawaida paja hufunga ndani ya wiki mbili. Rangi yake inaweza kutofautiana na ngozi ya jirani kwa muda mrefu, na wengine hubaki na alama.

Utandu huo mara nyingi hupitishwa kwenye mashine inayoutoboa matundu mengi hadi ukawa kama wavu, ukavutika kufunika eneo kubwa zaidi ya lile ulikotoka pajani. Matundu yana faida ya pili: damu na majimaji hupata pa kutokea. Kabla ya kuutandaza, daktari hukata ngozi yote iliyokufa mpaka afike kwenye nyama hai inayotoka damu. Kwenye mfupa mtupu au kano iliyo wazi ngozi hii haishiki, kwa sababu haina mahali pa kupata chakula.

Baada ya hapo kazi inahamia kwa mwili wenyewe. Kwa siku moja au mbili za kwanza kile kipande hakina mshipa hata mmoja. Kinaishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda kilicho chini yake. Kisha vimishipa vya chini huanza kuungana na vilivyomo ndani yake, na kufikia siku ya tano hadi ya saba damu inapita. Ndiyo sababu bendeji ya kwanza mara nyingi huachwa hadi karibu siku ya tano. Siku inapofunguliwa, wote pale kitandani hutazama rangi na kugusa taratibu. Kipande kilichoshika kimelala bapa, kimepata uhai wa rangi, na hakitelezi. Kilichoinuka juu ya damu iliyoganda, au chenye usaha chini yake, hakikupata njia ya kuungana.

Kwa hiyo anayelala na mgonjwa wodini ana kazi ya kitabibu kabisa. Kipande hufa kwa mambo matatu makubwa: damu kukusanyika chini yake, maambukizi, na kusuguliwa kikahama. Mtoto asitembezwe kama amekatazwa, asiachwe avute bendeji, wala wageni wasifunue ili waone.

Jambo jingine lisilosemwa vya kutosha ni kwamba paja huweza kuuma kuliko jeraha lenyewe, maana ncha za neva zimebaki wazi. Si dalili kwamba upasuaji umeharibika. Omba dawa ya maumivu. Mgonjwa asiye na maumivu makali hula, hulala na hukubali mazoezi, na vyote hivyo vinamponya.

Mimi ni mama yake. Kwa nini wasichukue ngozi yangu?

Hakuna swali linalonigusa kama hili, na jibu lake lina historia. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasayansi Peter Medawar na daktari wa upasuaji Thomas Gibson walichapisha kisa cha mwanamke aliyeungua, waliyemtibu huko Glasgow, Uskoti. Walimpandikiza vipande vidogo vya ngozi yake mwenyewe, na vipande vingine vya kaka yake. Vyake vilikaa. Vya kaka yake vilianza vizuri, kisha vikaharibika. Walipoleta vipande vingine vya kaka huyo huyo, viliharibika haraka zaidi. Mwili ulikuwa umekumbuka. Hapo ikaonekana wazi kuwa anayekataa ni kinga ya mwili, na utafiti uliofuata ulimpa Medawar Tuzo ya Nobel mwaka 1960, pamoja na Frank Macfarlane Burnet wa Australia. Upandikizaji wa figo na viungo vingine umesimama juu ya elimu hiyo.

Kwa hiyo ngozi ya mzazi inaweza kumfunika mtoto kwa muda, lakini haidumu. Ngozi ya mtu mwingine inayodumu bila matatizo ni ya pacha wa kufanana. Penye benki za ngozi, ngozi ya marehemu aliyeridhia hutumika kama kifuniko cha wiki chache, kuzuia maji na vijidudu wakati mgonjwa anapata nguvu.

Mama una mengine ya kutoa. Upasuaji wa majeraha ya moto hupoteza damu nyingi, basi tafuta ndugu wachangie. Na chakula: mwili unaojenga ngozi unataka protini kuliko kawaida. Mayai, maharage, dagaa, maziwa na matunda, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, ni sehemu ya matibabu.

Na kama ameungua karibu mwili mzima, ngozi itatoka wapi?

Kwanza, kutoka palepale. Paja au kichwa kikipona huweza kuchukuliwa ngozi tena. Pasipotosha hata hivyo, ndipo maabara inapoingia.

Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green, Marekani, walionyesha namna ya kuotesha seli za epidemisi ya binadamu kwenye chombo. Kuanzia mwaka 1981 matandu yaliyooteshwa hivyo yaliwekwa kwa wagonjwa wa moto: kipande kidogo cha ngozi ya mgonjwa, wiki tatu au nne, na yanapatikana matandu ya kufunika eneo kubwa la mwili. Udhaifu wake ni kwamba ni epidemisi tupu, na bila demisi chini yake hutoka malengelenge na kuchubuka kwa urahisi.

Upungufu huo ulishughulikiwa na John Burke, daktari wa upasuaji wa Boston, na Ioannis Yannas, mhandisi. Walitengeneza kiunzi chenye vitundu, cha kolajeni (protini ya nyuzi inayoipa ngozi uimara) ya ng'ombe na kemikali itokayo kwenye gegedu la papa, kikafunikwa juu kwa silikoni. Seli za mgonjwa huingia kwenye vitundu, hujenga tabaka linalofanana na demisi, na kiunzi huyeyuka taratibu. Baadaye silikoni hubanduliwa na utandu mwembamba wa ngozi huwekwa juu. Kilianza kuripotiwa mwaka 1981 na kuidhinishwa Marekani mwaka 1996. Bei yake bado ni kikwazo kikubwa kwa hospitali zetu, na kwangu hilo ni tatizo la haki, si la sayansi tu.

Kisa kilichofungua macho ya wengi kilitokea Bochum, Ujerumani, mwaka 2015. Mvulana wa miaka saba hakuungua. Alizaliwa na ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi iachane na mwili. Alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya epidemisi, na ngozi ya baba yake ilijaribiwa ikakataliwa. Timu ya Michele De Luca wa Modena, Italia, ilichukua kipande cha sentimita nne za mraba kutoka kwenye kinena chake, ikarekebisha jeni lenye kasoro, ikaotesha matandu, na madaktari wa Bochum wakabadilisha takriban asilimia 80 ya epidemisi yake. Aliruhusiwa kwenda nyumbani mwaka 2016, akarudi shule. Watafiti walipofuatilia seli hizo, waliona kuwa ngozi yote ile mpya inategemezwa na idadi ndogo ya seli shina za muda mrefu.

Wengine huniuliza kuhusu ngozi ya sato. Ni kweli: huko Fortaleza, Brazil, madaktari wameitumia kufunika majeraha ya moto, baada ya kusafishwa kwa kemikali na kuuawa vijidudu kwa mionzi. Hufanya kazi kama bendeji nzuri isiyobadilishwa kila siku, kisha huondolewa. Haigeuki kuwa ngozi ya mtu. Ya sokoni isiguse kidonda kabisa.

Je, itawezekana siku moja ngozi iote upya bila kovu?

Kuna mnyama wa kwetu anayefanya hivyo. Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake, akiwemo Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha utafiti juu ya panya miiba wa Kenya. Ngozi ya panya hawa ni dhaifu mno. Adui akiwashika, huchanika na kubaki mdomoni mwake, hata kufikia asilimia 60 ya ngozi ya mgongo. Kisha hukua tena na malaika yake na tezi zake. Watafiti waliwatoboa masikio tundu la milimita 4, likajifunga, gegedu ndani yake likiwemo. Panya wa kawaida wa maabara hubaki na tundu na kovu.

Kovu la binadamu lina nyuzi za kolajeni zilizolala upande mmoja, halina malaika, halitoi jasho. Ndiyo maana aliyeungua eneo kubwa hushindwa kuvumilia joto hata kidonda kikiwa kimepona. Mtoto aliye tumboni, katika miezi ya mwanzo, naye hupona bila kovu, kisha uwezo huo hupotea kabla hajazaliwa. Watafiti wanatafuta ni ishara zipi huamua njia hiyo au ile. Hakuna bado dawa ya hospitalini iliyotokana na kazi hiyo, kwa hiyo ukiona tangazo la sindano ya seli shina inayofuta makovu yote, baki na fedha yako.

Mwanangu aliungua miaka kadhaa iliyopita, vidole vimeshikana na kiganja hakifunguki. Tumechelewa?

Hapana. Kovu lililovuta kiungo linaweza kukatwa, kiungo kikanyooshwa, na pengo linalobaki likafunikwa kwa ngozi ya kupandikizwa. Mkononi mara nyingi huchukuliwa ngozi nene zaidi, ya unene wote, kwa sababu hainywei sana kama nyembamba. Makovu membamba yenye kamba huweza kurefushwa kwa kupinda mkato bila kuleta ngozi mpya. Mtoto anayekua asisubirishwe mpaka awe mkubwa, maana mifupa na viungo hukua vikifuata mkao ule uliopinda.

Ila jiandae kwa kinachofuata. Kovu huendelea kuvuta kwa miezi mingi baada ya upasuaji. Atavaa kifaa cha kunyoosha mkono usiku, atafanya mazoezi kila siku, na kovu litakandwa kwa mafuta laini yasiyo na manukato. Kabla ya kusaini fomu ya upasuaji, muulize daktari nani atamwonyesha mtoto mazoezi, kifaa kitatengenezwa wapi, na mtarudi lini kuonwa.