Kuwa na TIN Si Kujiajiri

Wiki hii tena mtu ameniwekea mkataba mezani na kuniambia, hata kabla hajakaa vizuri: "Wakili, mimi si mwajiriwa, nina TIN," yaani namba ya mlipakodi. Katika shauri la kazi, TIN haithibitishi lolote, walimu wa serikali wanazo. Wala kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, ile ya malipo ya huduma, badala ya kodi ya mshahara hakumgeuzi mtu kuwa mfanyabiashara. Kunaonyesha tu jinsi mlipaji alivyoamua kujaza fomu zake.

Mkataba wenyewe ulimwita "mshauri elekezi". Mshauri huyo aliweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio saa 2 kasoro robo kila asubuhi, akavaa fulana yenye nembo ya kampuni, na kila tarehe 25 akapeleka ankara ya kiasi kilekile. Katikati ya makaratasi yake nilikuta barua ya onyo kwa kuchelewa. Sijawahi kusikia fundi seremala aliyepewa barua ya onyo na mteja.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya 2004 kinamdhania mtu kuwa mwajiriwa, mkataba uwe umeandikwa kwa sura yoyote, ikiwapo hata dalili moja kati ya zilizotajwa humo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Inayovurugwa zaidi, hata na maofisa rasilimali watu, ni ile ya saa 45. Huisoma kana kwamba ni saa 45 kwa wiki, ambazo ni ukomo wa saa za kawaida katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kisha humwambia kijana wa siku tatu kwa wiki kwamba hafikii. Kifungu kinataka wastani wa saa 45 kwa mwezi, katika miezi mitatu iliyopita! Siku tatu za saa nne nne ni saa 12 kwa wiki, yaani takriban 52 kwa mwezi, na kijana amekwisha kuvuka. Akiachishwa, huku anaamini alichoambiwa, siku zake 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zinayoyoma.

Sisemi kila mtu ni mwajiriwa. Mhasibu anayetunza hesabu za maduka sita kwa kompyuta yake, akijipangia siku, amejiajiri.

Ninapokwama ni kwa dereva wa bodaboda. Anayeendesha kwa hesabu, yaani kwa kumpelekea mwenye pikipiki fedha waliyokubaliana, hakuna anayempangia abiria, lakini pikipiki ni ya mwingine, na asipopeleka hesabu siku mbili ufunguo unachukuliwa. Mwenzake wa "mkataba" hulipa mpaka chombo kiwe chake, na tairi na oili hununua mwenyewe tangu siku ya kwanza. Dalili ya zana, yaani kupewa vifaa vya kazi na unayemfanyia, inawavuta wote wawili kwenye ajira. Fedha inawavuta kwingine, kwa kuwa wao ndio wanaomlipa huyo anayedaiwa kuwa mwajiri. Nimelijibu swali hili kwa namna mbili tofauti ndani ya mwaka mmoja, na walioniuliza walikuwa wa kijiwe kimoja.