Vumbi Huingia kwa Mlango wa Nyuma

Mteja akiniletea Land Rover ya zamani, neno lake la kwanza mara nyingi ni viti. "Fundi, nishonee viti upya." Leza imepasuka, sponji imegeuka unga, na kiti ndicho anachokikalia kila siku, kwa hiyo namwelewa. Lakini mimi naanza kwa kuinua mikeka na kuinama ninuse. Kama chini kunanuka ukungu, viti vitasubiri.

Gari ninalotaka kulieleza leo ni Land Rover Series III, 109 Station Wagon. Hiyo 109 ni idadi ya inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na Series III zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985. Hapa Arusha bado zipo, nyingine zikifanya kazi kila siku. Mwenye hili alilalamika zaidi juu ya vumbi kuliko mvua. Akifunga vioo vyote, abiria wa nyuma wanashuka nyusi zimepauka, na yeye dereva hana hata chembe. Alikuwa amekwisha kubadilisha mipira ya milango ya mbele mara mbili.

Alikuwa anatibu mahali pasipouma. Land Rover ya zamani ina umbo la sanduku. Likienda kasi, hewa hupasuliwa na kioo cha mbele, inapita ubavuni, na nyuma ya gari inaacha pengo lenye mgandamizo mdogo. Vumbi linalotimuliwa na matairi linazunguka humo humo kwenye pengo. Upenyo wowote kwenye mlango wa nyuma unalinyonya kuingia ndani, na ukifungua vioo vya pembeni ndiyo unazidisha, maana upepo unaopita nje unavuta hewa ya ndani, nayo nafasi yake inajazwa kutoka nyuma. Kinachonitia wasiwasi kuliko vumbi ni kwamba moshi wa ekzosi unafuata njia hiyo hiyo. Ndani yake mna kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtoto anayesinzia kiti cha nyuma safari nzima huenda hajachoka.

Kwa hiyo nilianzia nyuma. Tairi la akiba lilikuwa limefungwa juu ya mlango wenyewe, na miaka ya makorongo imeuvuta mlango chini. Bawaba zimelegea, pembe ya juu ina mwanya unaoingia kidole, pembe ya chini imekaba. Mpira mpya juu ya mlango uliopinda ni pesa iliyotupwa. Tulivua tairi, tukabadilisha pini za bawaba, tukanyoosha fremu, na nikamshauri mwenye gari tairi likae juu ya boneti, ambako gari hili linaruhusu. Alikubali kwa shingo upande kwa sababu anaona boneti itakuwa nzito kufungua. Ni kweli itakuwa nzito, ila mlango utadumu.

Mlango ukishakaa sawa ndipo napima. Nachukua ukanda wa karatasi, naufungia mlangoni, kisha nauvuta. Ukitoka bila kukwama, hapo mpira haugusi. Narudia kila baada ya upana wa kiganja, kuzunguka mlango wote. Mpira ukishafungwa naupaka chaki, nafunga, nafungua, naangalia chaki imehamia wapi kwenye bati. Alama inatakiwa iwe mstari usiokatika. Mpira wenye uwazi katikati ubonyee kama theluthi moja ya unene wake. Ukibonyea zaidi, watu wataubamiza mlango ili ufunge, na kubamiza ndiko kunakolegeza bawaba tulizotoka kurekebisha.

Sasa mpira wenyewe. Mpira wa asili, ule utokao kwenye utomvu wa mti, unashambuliwa na ozoni iliyomo hewani na kuchomwa na jua. Angalia mipira ya zamani pale inapokunjwa konani: nyufa ndogo ndogo, zote zimekata kuvuka mwelekeo wa mvuto. Hiyo ni kazi ya ozoni. Kwa milango na vioo natumia EPDM, mpira wa kiwandani unaostahimili jua na ozoni kwa miaka mingi. Adui yake ni mafuta. Wapo wanaopaka mipira dizeli ili ing'ae baada ya kuosha gari. Inang'aa siku mbili, kisha inavimba na kulainika. Paka grisi ya silikoni kidogo kwa kitambaa, inatosha.

Silikoni ya kuziba ni jambo jingine kabisa. Ile inayonuka siki inapokauka inatoa asidi ya siki, na asidi hiyo inakula chuma na hata alminiamu. Nimekwangua silikoni kwenye magari mengi na kukuta kutu imejificha chini yake kama mchwa chini ya mkeka. Tyubu ya gari iliyokatwa, ambayo watu wanaidharau, mimi siidharau. Tyubu nyingi ni za butili, mpira mwingine wa kiwandani, nayo inavumilia hali ya hewa vizuri. Kati ya vipande viwili vya bati vinavyofungwa kwa bolti inafaa sana. Mlangoni haifai, kwa sababu ni bapa na haina uwazi wa ndani wa kubonyea na kurudi.

Maji yanahitaji subira kuliko vumbi. Mahali unapoona tone sipo maji yalipoingilia. Kwenye gari hili zulia lililowa lilikuwa upande wa abiria wa mbele, na kila fundi aliyeliona alilaumu mlango. Nilikaa ndani na tochi, kijana wangu nje na mpira wa maji. Unaanza chini, unapanda taratibu, kila mahali dakika tano kamili bila kuruka. Mlango ulikuwa mkavu. Maji yalikuja tulipofika chini ya kioo cha mbele, kwenye kile kidirisha cha hewa. Series III inavyo viwili, vinafunguka kwa wenzo kutoka ndani, na kila kimoja kina mpira wake ulioganda kwa gundi. Mpira umekuwa mgumu kama ukoko, maji yanapita, yanateremka nyuma ya dashibodi hadi miguuni. Pia mpira ulio kati ya fremu ya kioo na ukuta wa mbele ulikuwa umeliwa. Hapo lazima fremu yote ifunguliwe, hakuna njia ya mkato.

Vile vioo vidogo vilivyo kwenye mkunjo wa paa navyo huvuja sana. Mpira unavishwa kwanza kwenye bati, kioo kinaingizwa kwa maji ya sabuni, kisha unasukuma utepe wa kufungia kwenye mfereji wa mpira ili ubane. Natumia waya mgumu niliokunja kitanzi. Usitumie grisi hapo, kioo kitateleza na kutoka siku ya joto.

Watu husema Land Rover haishiki kutu kwa sababu ni ya alminiamu. Bodi ndiyo, ni aloi ya alminiamu na magnesi iitwayo Birmabright, iliyochaguliwa mwaka 1948 kwa kuwa Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Lakini ukuta unaotenganisha injini na dereva ni chuma, na fremu za milango ni chuma. Chuma na alminiamu vikigusana penye unyevu, alminiamu inaliwa na kugeuka unga mweupe. Ndiyo maana sigundishi kapeti sakafuni. Sakafu hii nimeiacha na mikeka ya mpira inayoinuka kwa mkono mmoja, na mabati ya sakafu nimeyarudisha kila moja likiwa na ukanda wa kuziba chini yake, kwa sababu joto na kelele za giaboksi hupandia hapo. Matundu ya kutolea maji chini ya milango tumeyazibua kwa waya. Fundi mmoja wa rangi alikuwa ameyaziba yote kwa puti, akidhani ni matundu ya kutu.

Mifereji ya vioo vya kusukuma nimeitupa na kuweka mipya. Ni chuma kilichovishwa kitambaa kizito, kitambaa kinashika maji, chuma kinavimba kwa kutu hadi kioo hakisogei. Kuisafisha ni kupoteza siku.

Viti vilikuja mwisho, na vilichukua muda mfupi. Leza nyeusi kama ya awali, uzi wa polyester badala ya pamba ambayo jua huioza, mishono mirefu ya milimita 4 hivi. Mishono midogo hutoboa leza kama stempu, ikapasuka kwenye mstari. Chini ya kila kiti niliacha tundu la kupumulia, la sivyo mtu akikaa hewa inatafuta pa kutokea na kupasua mshono.

Kabla ya kuvifunga viti hivyo tulitandika shuka jeupe nyuma na kwenda kilomita 40 za barabara ya vumbi. Vioo vyote vimefungwa, vidirisha vya hewa vya mbele viko wazi. Hewa inayosukumwa na mwendo inaingia mbele, inajaza ndani, na palipo na upenyo inatoka badala ya vumbi kuingia. Tuliporudi shuka lilikuwa na mstari mmoja mwembamba wa vumbi, mkabala na pembe ya chini ya mlango wa nyuma, upande wa kitasa. Nilisogeza kikamatio cha kitasa ndani milimita 2, nikapaka chaki tena, na safari hii mstari wa chaki ulikamilika.